Kisanduku Kilichozoea Minong'ono

Shemeji yangu Dastani Nampota alikaa miaka minne bila kupiga muziki, na miaka yote minne nilikuwa naye kwenye kibaraza kimoja pale sokoni Newala, yeye na redio zake mbovu, mimi na cherehani yangu. Kwa hiyo nikisema namjua, namjua. Najua anavyokuna sikio akiona waya umekatika mahali pabaya. Najua anavyoweza kushinda kutwa nzima bila kutoa maneno kumi, na katika hayo kumi sita ni "karibu" kwa wateja.

Zamani hakuwa hivyo. Alipiga gita la solo katika Uwanda Jazz, bendi ya ushirika, enzi zile korosho zote zikiuzwa mlango mmoja na bendi ikila kupitia mlango huohuo. Walipiga Newala, wakashuka Masasi, wakafika mpaka Lupaso kwa lori. Mguuni pake Dastani aliweka kisanduku cha chuma, cha buluu, ukubwa wa nusu mche wa sabuni. Akikikanyaga, sauti ya gita ilikwenda, ikarudi, ikaenda tena, ikarudi imepungua, mpaka ikapotelea huko. Wanabendi walikiita eko. Mtu asiyewahi kuisikia nilikuwa namwambia aende Shimo la Mungu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, asimame pale ardhi inapokatika, aite jina la mtu anayempenda.

Dada yangu Rose alimpendea ile eko. Mwenyewe hukataa, anasema alimpendea tabia. Sijui ni tabia gani aliyoiona kwa mpiga gita.

Halafu likaja soko huria. Madukani kukajaa redio kaseti na mitumba, wanunuzi wa korosho wakaja na magari yao, ushirika ukabaki na majengo. Bendi ilikufa polepole bila mtu kutangaza msiba, na kila mwanabendi akaondoka na chombo alichokuwa amekishika. Dastani aliondoka na gita na eko, akaenda kubeba magunia ghalani. Mwaka wa tisini gunia moja liliteleza kutoka juu ya rundo likaukuta mkono wake wa kushoto uko chini. Vidole vitatu vilipona vimejikunja, na havijanyooka mpaka leo.

Mkono wa kushoto ndio unaotafuta sauti kwenye gita, wa kulia unaiita tu. Hilo sikulijua mpaka alipolitundika gita ukutani, akazitoa nyuzi moja moja, akampa Rose afungie mlango wa banda la kuku. Eko akaifunga kwenye kipande cha kitenge akaisukuma uvunguni. Mimi sikulia alipoumia. Nililia asubuhi nilipokwenda kufungulia kuku.

Sasa nieleze nyumba yetu ilivyo, maana bila hilo hadithi haitembei. Kwetu Wamakonde mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, ndiyo maana Dastani anaishi Makote, kwenye uwanja wa mama yetu, Bibi Getrude. Na kwetu mkwe hazungumzi na mama mkwe ana kwa ana. Akiwa na neno hulitoa kwa sauti ya chini kwa mtu wa kati, naye mtu wa kati hulifikisha. Jibu nalo hurudi kwa njia hiyohiyo. Mtu wa kati nilikuwa mimi. Kwa miaka kumi na tisa nilibeba "shikamoo" na "marahaba" kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, na sijawahi kulipwa hata kipande cha muhogo.

Kazi hiyo ilizidi kuwa ngumu mama alipopata mtoto wa jicho. Macho yalipofifia, masikio yake yakawa makali kupita kiasi. Alisikia korosho ikianguka shambani. Ukimsemesha kwa nguvu anaziba masikio, anakunja uso, na neno lenyewe halishiki hata moja. Lakini sauti yake mwenyewe ilikuwa imekuwa nyembamba sana, mtu aliyesimama hatua tatu hasikii kitu. Kwa hiyo nikienda kwake nilipunguza maneno ya watu, nikitoka kwake niliyaongeza ya kwake. Nilifanya hivyo bila kufikiri.

Mwezi wa saba mwaka wa tisini na nne, Ebenezer akaleta kinanda. Huyu Ebenezer ni mtu wa Mbeya, mfanyabiashara wa mitumba, mtu mwema mwenye sauti ya kuswagia ng'ombe. Alikipata kinanda hicho Dar es Salaam pamoja na marobota ya nguo. Cha umeme, cheusi, kina vitufe vya sauti mia moja. Vijana wa mjini wanakiita sintesaiza. Kilikuwa kinazimika chenyewe, akakiacha kwa Dastani atengeneze.

Ugonjwa ulikuwa waya mmoja tu uliolegea ndani, na Dastani aliumaliza kabla sijapinda mikono ya shati moja. Halafu akakiwasha kwa betri, ajaribu. Akabonyeza kwa mkono wa kulia. Akabonyeza tena. Kinanda hakikuuliza mkono wa kushoto uko wapi. Kila sauti ilikuwa imeshakaa mahali pake, inasubiri kuguswa tu, na mkono mmoja ulitosha kuigusa.

Niliacha kukanyaga cherehani. Alipiga wimbo mmoja wa zamani wa Uwanda Jazz, polepole, kama mtu anayepita gizani kwenye nyumba aliyokulia. Wanawake waliokuwa wakinunua dagaa walisimama. Alipomaliza alitazama vidole vyake vya kulia kwa muda, kisha akasema, "Shemeji, umesikia?"

"Nimesikia," nikasema.

Ebenezer alipokuja kukichukua, Dastani alimwomba amwazime mpaka Jumamosi. Mwalimu Lucian wa Mnyambe alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi ile, na hakuwa amepata muziki. Ebenezer akakuna kidevu.

"Kuna mwenye baa Masasi anakitaka," akasema, na soko zima likasikia. "Lakini nitakuja kusikiliza. Watu wakicheza, kinabaki kwako, tunakwenda kwenye maharusi pamoja, mimi na wewe. Wasipocheza, Jumapili kinapanda basi."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Jioni Dastani alirudi nyumbani akikisukuma kinanda juu ya baiskeli, kimefungwa shuka la harusi la Rose, na Rose hakuuliza shuka limefikaje sokoni.

Shida ilikuwa kwamba sauti ya kinanda ilikuwa kavu. Ilitoka ikafa palepale. Mimi iliniridhisha, lakini Dastani alisema haina pa kwenda, akainama uvunguni akatoa kile kitenge. Rose aliyekuwa akichambua mboga aliiona buluu ikitokeza kwenye kitambaa, akainuka akaenda nyuma ya nyumba. Alirudi baadaye na macho mekundu, akasema ni moshi. Jiko halikuwa limewashwa.

Dastani aliunga kinanda kwenye eko, eko kwenye amplifaya aliyoitengeneza mwenyewe, amplifaya kwenye spika ya redio kubwa. Akabonyeza. Tulichokisikia kilikuwa mkoromo. Kilikwaruza, kikakatika, na eko ikaurudisha mkoromo huo mara nne ili tusije tukadhani tumesikia vibaya. Mama, kule barazani kwake, akaziba masikio.

Akapunguza sauti kwenye kinanda. Mkoromo ulikwisha, lakini sasa muziki ulikuwa mdogo sana na mvumo wa vyombo ulikuwa mkubwa, shwaa, kama mvua kwenye bati la jirani. Akipandisha, unakoroma. Akishusha, unazama. Hivyo Jumanne, hivyo Jumatano. Wateja walikuja kufuata redio zao wakarudi mikono mitupu, na mimi ndiye niliyetukanwa.

Jumatano jioni akafanya kosa ambalo nadhani lingefanywa na mtu wa kwetu tu. Baba yake alikuwa mpiga ngoma. Kwetu ngoma ikilegea huoteshwa moto wa majani mpaka ngozi ikaze, na betri za redio zikichoka tunazianika juani zipate uhai wa siku mbili. Ukungu wa mwezi wa saba huingia hata kwenye sanduku la nguo. Basi mtu amelala na tatizo siku tatu, kichwa kimechoka, mkono ukafanya unachokijua: aliiweka eko kando ya jiko la mkaa alipokuwa anapasha pasi ya kulehemu, itoe unyevu. Akaenda kuoga.

Nilisikia harufu. Nilipofika, kirungu kimoja cha kugeuzia kilikuwa kimeyeyuka na kumwagika juu ya ile buluu. Dastani alikuja na taulo kiunoni, akakinyanyua kisanduku kwa kitambaa, akakigeuza huku na huku. Ningependelea atukane.

"Baba Gasper," Rose alimwambia mumewe, "njoo ule." Hakwenda kula. Alifungua kisanduku kwenye mwanga wa taa, akabadilisha kipande kilichoungua kwa kingine alichokitoa kwenye redio ya marehemu fulani ambayo haikudaiwa tena. Kikaishi, ila sasa sauti ilichelewa kurudi kuliko zamani, kana kwamba bonde limepanuka. Na bado kikakoroma. Alhamisi asubuhi alikiweka kisanduku mezani, akamwambia Rose kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kinanda kiende tu Masasi. Rose akanitazama. Nilijua tunawaza jambo moja: nyuzi za gita zilifunga banda la kuku, sasa kisanduku kitafunga nini.

Mchana ule Ebenezer akapita Makote kuulizia maendeleo. Watu wa Mbeya wana adabu, na adabu ya Ebenezer ilikuwa ya kumwamkia kila mkubwa aliyemwona. Alimwona mama barazani.

"Shikamoo mama! Habari za siku nyingi!"

Mama aliruka. Akaziba masikio, uso ukajikunja, akaanza kulalamika kwa Kimakonde maneno ambayo hata mimi sikuyaelewa yote. Ebenezer akadhani hakusikika. Akarudia, na safari hii kuku walikimbia.

"Ebenezer, nyamaza kwanza," nikamwambia. Nikamwendea mama, nikachuchumaa, nikamnong'oneza: "Mama, mgeni anakuamkia. Anauliza hali."

Uso wake ukalainika. "Marahaba. Nwambie hali njema. Nwambie akae, apewe maji."

Nikageuka. "Anasema marahaba, hali ni njema, karibu ukae unywe maji!"

Ebenezer akacheka, akashukuru kwa kelele. Nikayapunguza yale mashukuru, nikayapeleka. Mama akajibu, nikayaongeza, nikayarudisha. Mara tatu, mara nne. Ndipo nikamwona Dastani. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji mkononi, na maji yanamwagika miguuni, naye haoni. Alikuwa hamtazami mama, adabu haimruhusu. Alikuwa ananitazama mimi.

"Shemeji," akasema, "fanya tena."

"Nifanye nini?"

"Hivyo unavyofanya."

Nilidhani joto la jiko limempanda kichwani. Lakini aliweka kikombe chini, akatueleza, mimi na Rose na Ebenezer, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyomsikia akisema tangu gunia lilipomwangukia. Eko ile ilitengenezwa kwa ajili ya gita. Gita halipigi kelele, husema kwa sauti ndogo sana, na kisanduku kimezoea kunong'onezwa. Kinanda nacho kinakuja na sauti ya Ebenezer. Kisanduku kinaziba masikio, kinalalamika, na malalamiko ndiyo tunayoyasikia. Na ukikiambia kinanda chenyewe kinong'one, kinapotelea kwenye mvumo wake mwenyewe, kwa sababu hakijui kunong'ona. Kiache kiseme kwa nguvu zake zote. Kinachotakiwa ni mtu wa kati.

"Wa kupunguza akienda," nikasema polepole.

"Na wa kuongeza akirudi."

Ebenezer alitutazama mmoja mmoja. "Sauti yangu imefanya nini?" akauliza, na hakuna aliyekuwa na muda wa kumjibu.

Ijumaa nilifunga cherehani nikakaa naye. Sijui mambo ya ufundi, nitaeleza nilichokiona. Alichukua kopo tupu la kahawa, la bati, kwa sababu bati huzuia mvumo usiingie. Upande mmoja akaweka rizista mbili na kirungu cha volyumu kutoka kwenye redio ya zamani. Hapo ndipo sauti ya kinanda ingeingia na kupunguzwa kabla haijafika kwenye eko. Upande wa pili akaweka transista moja na vikorokoro vyake, kuikuza sauti ikitoka kwenye eko kabla haijafika kwenye amplifaya. Waya aliubana kwa vile vidole vilivyojikunja. Niliona vinafaa, vilikuwa kama koleo. Nilimwambia hivyo, akavitazama, akacheka. Kicheko chake nilikuwa nimekisahau.

Alipomaliza alibonyeza kitufe kimoja tu. Sauti ilitoka safi, ikaenda, ikakaa huko kidogo, ikarudi. Ikaenda tena. Kule barazani mama aliinua kichwa, na mikono yake ilibaki mapajani.

Jumamosi tulikwenda Mnyambe. Mpaka saa tisa alasiri ukungu ulikuwa haujaondoka, ukipita kati ya mikorosho, watu wakawa wanatokea kwenye weupe na kuingia tena kwenye weupe. Mama alitaka kuja, akaja, akakaa kwenye mkeka nyuma kabisa, amempa mkwe wake mgongo kama inavyopasa. Mimi nikakaa kati yao, mahali pangu pa siku zote. Ebenezer alisimama mbele, kando ya Mwalimu Lucian, amekunja mikono, na tiketi ya kinanda ya kwenda Masasi nadhani ilikuwa tayari mfukoni.

Dastani alianza, na hakuna aliyecheza. Nasema kweli. Wimbo wa kwanza, watu wote walisimama tu. Rose alinishika mkono, kucha zikaniingia. Nilimwona Ebenezer akitazama huku na huku, na nikaanza kumchukia mwenye baa wa Masasi ambaye sijawahi kumwona. Nilidhani tumeshindwa. Kumbe watu walikuwa wanasikiliza ile sauti ikiondoka. Kila mmoja alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anaisubiri irudi kutoka kwenye ukungu, na ikirudi anapumua. Bibi mmoja karibu yangu alisema jina la mtu, taratibu, jina ambalo nilikuja kujua ni la mwanawe aliyebaki ng'ambo ya Ruvuma.

Wimbo wa pili Dastani alishusha mkono wa kushoto juu ya kinanda. Ule mkono. Kidole kimoja kati ya vile vilivyokunjika kikapata sauti nzito, kikaishikilia, kikaibonyeza tena na tena, na huo ukawa mwendo. Bi harusi ndiye aliyeanza kutikisa mabega. Halafu shangazi zake. Halafu sikuona tena mbele kwa sababu ya migongo ya watu, nikaona tu kichwa cha Ebenezer kikipanda na kushuka juu ya wengine. Anacheza vibaya sana yule mtu, Mungu amsamehe.

Dastani alipopumzika, alikuja nyuma tulikokuwa, akasimama hatua kadhaa kutoka mkekani, amegeukia pembeni. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Alininong'oneza nimuulize mama kama kelele zimemuumiza masikio.

Niliinama kumpelekea mama. Kabla sijafungua mdomo, aliinua kiganja akanizuia. Akajigeuza pale mkekani, taratibu, mpaka akaelekea pale aliposimama mkwe wake, akayaelekeza kwake yale macho yasiyoona.

"Dastani," akasema.

Miaka kumi na tisa sikuwahi kumsikia akilitaja jina lile. Ilikuwa sauti yake ileile nyembamba, na kwa vurugu ya harusi nilidhani haitafika. Dastani alishtuka kama mtu aliyeguswa begani.

"Usinyamaze tena, baba."

Dastani alinitazama mimi. Akanipa jibu lake kwa macho nilibebe, nilipunguze, nilifikishe, kama siku zote. Nami nilifanya jambo moja la busara maishani mwangu: nikatazama kwingine.

Ndipo akapiga goti pembeni ya mkeka, akasema mwenyewe, kwa sauti ambayo hata mimi niliyekaa kati yao niliikosa nusu yake.

"Nimesikia," mama akamjibu.

Nikainuka, nikaenda kutafuta chakula, maana hapakuwa na mtu aliyenihitaji pale.